Jina Nililochezea Mpira

Mama alinitaka jambo moja tu, na alilisema huku akichambua maharage, bila kuinua macho.

"Siku ya Marehemu mwaka huu nataka jina la Edvan lirudi kwenye msalaba wake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Nikamuuliza kama amekunywa dawa yake ya moyo.

"Usinibadilishie mazungumzo, Romildo."

Hakuna mwingine aliyebaki duniani anayeniita Romildo. Mji wote wa Lagoa do Umbu unaniita Pilão, yaani kinu, tangu nilipokuwa mtoto mfupi mwenye mapaja manene. Kwetu, kwenye nyanda hizi kavu za Pernambuco, jina la utani ndilo jina. La kwenye karatasi hutolewa siku ya harusi na siku ya mazishi. Na kwenye karatasi zangu zote, kitambulisho, cheti cha ndoa, mikataba ya mpira, pensheni, mimi ni Edvan Ferreira Lins, aliyezaliwa Machi 1959.

Edvan alikuwa mdogo wangu. Alikufa kabla hajatimiza mwaka.

Namkumbuka kidogo sana. Nilikuwa na miaka mitatu na kitu. Nakumbuka kisanduku cha bluu juu ya meza ya kulia, na wanawake wa jirani wakimshika mama mabega wakimwambia asilie. Mtoto mchanga akifa alihesabiwa malaika, na machozi ya mama yangemlowesha mabawa ashindwe kuruka. Mama hakulia. Baba alitengeneza msalaba wa mbao, akaupaka rangi iliyobaki ya kisanduku, akachonga jina kwa kisu. Ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa punda, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda. Cheti cha kuzaliwa cha Edvan kikabaki kwenye mkebe wa biskuti pamoja na changu, kama cha mtu aliye hai.

Januari 1975 alikuja Valfrido, msaka vipaji wa klabu kubwa ya Recife. Aliniona nikifunga mabao manne kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa, akaja nyumbani kula. Mama aliweka kuskusi ya mahindi na nyama ya mbuzi. Valfrido alikula vizuri mpaka alipouliza umri wangu.

"Kumi na nane, atimiza kumi na tisa karibuni," baba akasema kwa fahari.

Valfrido akaweka kijiko chini. "Mzee Amâncio, huyo kashakuwa mzee. Mimi natafuta wa kumi na tano, kumi na sita. Angekuwa na kumi na sita ningemchukua leo hii na ndala zake hizo hizo." Akachezea ukingo wa sahani. "Hamna mwingine nyumbani?"

Baba alitazama mkebe wa biskuti. Mama akainuka, akatoka nje.

Cheti changu baba alikichoma jikoni. Wiki hiyohiyo alikwenda makaburini, na mama akamwona akirudi na unga wa bluu kwenye kucha. Alikuwa amekwangua jina.

Sijawahi kujua nimlaumu nani. Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua, na tulikuwa tumekwisha kuuza punda.

Nilicheza mpira miaka kumi na saba. Watu wa rika langu hapa wanaweza kukutajia mabao yangu kwa mpangilio, na wanakumbuka kwamba nikifunga sikukimbilia mashabiki. Nilirudi katikati ya uwanja nimeinamisha kichwa. Watangazaji walisema Pilão ni mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Uwanja ukinguruma, nilikuwa nasikiliza. Katika watu elfu arobaini, mmoja wa kutoka kwetu, mwenye kumbukumbu nzuri, angetosha.

Mwanzoni nilinyoa masharubu asubuhi na mchana, kwa sababu wenzangu wa kumi na sita hawakuwa nayo. Siku za kuzaliwa zilinitesa. Wenzangu waliniletea keki mwezi Machi, wakanivunjia mayai kichwani kama desturi, nami nikacheka huku nikihesabu: kumi na saba yao, ishirini yangu.

Mwaka 1978 niliitwa timu ya taifa ya vijana. Kwa karatasi nilikuwa na kumi na tisa. Kwa kweli ishirini na mbili. Daktari wa klabu alinipongeza, akaongeza kama kitu cha kawaida kwamba kule watapiga picha mifupa ya kifundo cha mkono, maana kuna wanaodanganya umri, na mfupa hausemi uongo. Nilimshukuru. Mazoezi ya jioni ile nilikimbilia mpira, nikajiangusha, nikashika paja.

Mchua misuli wetu alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Biu. Alinilaza juu ya benchi, akapitisha vidole kwenye paja langu mara mbili, polepole.

"Mguu huu mzima kama mlango wa kanisa," akaninong'oneza.

Nilikuwa natetemeka mpaka benchi likawa linagonga sakafu. Akanitazama kidogo, kisha akamwita daktari. "Umechanika, daktari. Mwezi na nusu, si chini ya hapo."

Biu hakuniuliza kitu mpaka anakufa. Magazeti yaliandika kwamba Pilão alikosa moyo siku nchi ilipomhitaji. Baba alikata kipande hicho akakihifadhi mkebeni, sijui kwa nini.

Nilistaafu 1992, na wakaandika tena: miguu ya Pilão imezeeka mapema, miaka thelathini na mitatu tu. Nilikuwa na thelathini na sita. Niliridhika. Nikarudi Lagoa do Umbu na mke wangu Neide, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, nikadhani hofu nimeiacha vyumba vya kubadilishia nguo.

Neide hakujua. Tulifunga ndoa 1984, na padre aliposema "Edvan, unamkubali huyu," mimi nilisema namkubali. Niliwahi kumuuliza wakili mmoja wa Recife, nikidai ni habari za rafiki yangu. Alisema gerezani huenda asipelekwe, miaka imepita, lakini kila karatasi itaulizwa: ndoa, vyeti vya watoto, pensheni, hata vikombe ambavyo timu yake ilishinda. "Mwambie rafiki yako anyamaze," akasema, akanifungulia mlango.

Nikanyamaza. Kila Novemba tarehe mbili, watu wa mji wanapopaka makaburi chokaa na kuwasha mishumaa, mama aliwasha wake mbele ya msalaba usio na jina. Msalaba ulipooza tuliweka mwingine, nao nikauacha mtupu. Mwaka huu alikuwa na miaka themanini na minne, na moyo wake ulikuwa unaruka mapigo.

"Nitazikwa pembeni yake," alisema siku ile ya maharage. "Sitaki nilale na mtoto asiyeitwa."

"Mama, unajua kitakachotokea."

"Najua. Ndiyo maana nimengoja miaka arobaini na nne. Wewe nilikungoja umalize mpira, nikangoja watoto wako wasome, nikangoja baba yako atangulie. Sasa mimi ndiye naondoka. Nani atakayengoja?"

Nikasema nitaangalia. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyezoea jibu hilo.

*

Siku mbili baadaye Laércio aliingia dukani. Laércio ndiye redio yetu: asubuhi anasoma habari, mchana anatangaza mechi, na Siku ya Marehemu hupita makaburini na kipaza sauti akisoma majina yaliyo kwenye misalaba, safu moja baada ya nyingine, hewani. Kila nyumba huacha redio wazi ikisubiri wafu wake wasomwe. Asiyesomwa, jamaa zake hununa mpaka Krismasi.

"Mfalme wangu!" akapaza sauti kutoka mlangoni. "Mbona unauza saruji kwa mkono uleule ulioshika vikombe?"

"Vikombe haviezeki nyumba, Laércio."

"Sikiliza, mzee wangu. Diwani kakubali. Uwanja wa manispaa utaitwa jina lako. Kuna sheria kidogo inasumbua, eti mali ya umma haipewi jina la mtu aliye hai. Nikamwambia, basi tumwombe Pilão atusaidie afe!" Akacheka akapiga kaunta. "Usijali, atatafuta njia."

Nilitabasamu. Jina walilolitaka lilikuwa la mtu aliyekufa karibu miaka sitini iliyopita. Sheria isingevunjwa hata kidogo.

"Nami naandaa kipindi," akaendelea. "Maisha yako yote, toka kuzaliwa. Jana nimekwenda kwa padre, kanipa kitabu cha ubatizo, nimekohoa vumbi kwa saa mbili. Nikakupata! Edvan, mtoto wa Amâncio na Quitéria, Aprili hamsini na tisa." Akalamba kidole, akafunua daftari. "Na kurasa chache nyuma kuna mwingine. Romildo, wazazi walewale, hamsini na sita. Hukuwahi kuniambia una kaka."

Mteja mmoja alikuwa akipima bomba nyuma yangu. Nikasikia futi ya chuma ikijikunja. Mikono yangu ilikuwa juu ya kaunta. Nikaishusha chini asiione.

"Alikufa," nikasema.

"Masikini. Mtoto?"

"Mtoto."

"Kalala wapi? Maana sijawahi kumsoma."

"Upande wa nyuma, karibu na ukuta. Msalaba wa bluu."

"Ule mtupu? Ule ambao mama yako huwa anakaa mbele yake?" Laércio alivua kofia, kwa heshima kabisa. "Kumbe. Muandike basi, Pilão, jamani. Una rangi duka zima. Mwaka huu nitamsoma vizuri, nitatulia hapo. Watu watapenda kujua mfalme alikuwa na kaka."

Alipoondoka niliketi juu ya mfuko wa saruji. Mteja akaniuliza kama ni sukari imeshuka.

Ndipo lile wazo lilipokuja, nami nalieleza kama lilivyokuja. Msalaba ulihitaji jina. Laércio alitarajia jina. Mama hajui kusoma. Nikiandika Romildo, kila kitu kingefungwa: kitabu cha padre, uwanja, redio, mimi. Romildo angekuwa amekufa mtoto, kwa maandishi, na hakuna atakayemtafuta tena. Mama angepapasa herufi aridhike. Na siku Laércio atakaposoma, nilijiambia, masikio ya mama ni mazito, upepo wa Novemba ni mkali, ningekohoa.

Mchana wa tarehe moja nilipanda makaburini na kopo la rangi nyeupe na brashi namba mbili. Palikuwa na watu wengi wakisugua mawe. Waliniamkia, "Pilão, ukimaliza hapo njoo na kwangu!" nami nikacheka nao. Niliandika polepole. Mkono wangu haujawahi kuwa na hati nzuri vile. ROMILDO FERREIRA LINS. Nikarudi nyuma nikatazama. Ilikuwa ajabu kuona jina langu. Mara ya mwisho nililiona likikunjamana katika moto wa baba.

Mama alisema, "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya vitunguu, akanibusu paji. Hakuwahi kufanya hivyo hata nilipoleta kombe nyumbani.

*

Siku ya Marehemu jua lilikuwa kali tangu saa mbili. Neide alibaki nyumbani apike. Makaburi ya wazazi wake angeyatembelea mchana. Nilimpandisha mama mlimani taratibu, nikamweka kwenye kiti cha plastiki mbele ya msalaba, mwavuli juu yake. Alinyoosha mkono akapapasa rangi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Refu," akasema.

"Nimeweka na la ukoo."

"Umefanya vizuri."

Laércio alianzia langoni. Tulimsikia mara mbili: sauti yake mwenyewe kule chini ya mlima, na baada yake kidogo ileile ikitoka kwenye redio ndogo ambazo watu waliziweka juu ya makaburi. Maria do Carmo Bezerra, apumzike kwa amani. João Tenório, anakumbukwa na wanawe kumi na mmoja. Kila jina jamaa zake walisema amina. Nilihesabu safu. Kumi na mbili zilibaki kutufikia. Tisa. Upepo nilioutegemea haukuwepo. Mishumaa iliwaka imesimama wima.

Zilipobaki safu tano, mama aliondoa kitambaa kichwani, akakisogeza nyuma ya masikio.

"Unafanya nini, mama? Jua."

"Nataka nisikie."

Safu nne. Nilimwambia labda turudi, uso wake una jasho. Safu tatu. Nilifikiria kushuka nimwambie Laércio apite haraka, au asisome, au asome kwa sauti ndogo. Kila nililolifikiria lilitaka sababu, na kila sababu ilitaka uongo mwingine. Nimewahi kusimama mbele ya mpira wa penalti, dakika ya tisini, na chupa zikirushwa. Ilikuwa hofu ya mchezo. Hii ilikuwa ile ya juu ya benchi la Biu.

Laércio alifika, jasho limelowesha shati, watu kama ishirini nyuma yake. Alimwinamia mama. "Mama Quitéria, baraka yako." Kisha kwenye kipaza sauti: "Na hapa, wasikilizaji, nasimama kidogo. Hapa kalala malaika, kaka wa mchezaji mkubwa kuliko wote waliotoka katika ardhi hii. Romildo Ferreira Lins!"

Kwenye makaburi yote redio zikarudia: Romildo Ferreira Lins.

"Siyo," mama akasema.

"Mama?" Laércio akauliza.

"Umesoma vibaya, baba."

Laércio alicheka kwa upole, akasogea karibu na msalaba. "Imeandikwa hivi hivi, mama. Romildo. Rangi haijakauka hata."

Mama aligeuza kichwa akanitazama. Angeweza kusema neno moja tu likatosha, na hakulisema. Alikunja kitambaa chake mapajani, akakikunja tena, kama mtu anayefunga safari. Niliona kwamba angekubali. Angerudi nyumbani, angelala pembeni ya mtoto mwenye jina langu, asimwambie mtu. Alikuwa amenipa Edvan mara moja, mwaka ule wa ukame, na sasa nilikuwa namnyang'anya mara ya pili, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Laércio," nikasema. "Hujakosea wewe. Nimekosea mimi."

"Nini tena, mfalme?"

"Aliyelala hapa ni Edvan. Alizaliwa hamsini na tisa, hakumaliza mwaka. Romildo ni mimi."

Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye redio za jirani, nyembamba, kama ya mtu mwingine. *Romildo ni mimi.* Mwanamke mmoja alizima redio yake haraka, kana kwamba inaungua.

Laércio aliziba kipaza sauti kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umepauka. Ni mwepesi, alishakwisha kupiga hesabu ya miaka. "Pilão," akanong'ona, "jua limekupiga. Nitasema jua limekupiga. Tupite msalaba mwingine. Unanisikia? Tupite."

Alikuwa ananipa mlango, na kwa nia njema. Nilitaka kupita.

"Msome," nikasema. "Mama anangoja."

Akaondoa kiganja. "Edvan Ferreira Lins," akasema, bila mbwembwe. "Apumzike kwa amani."

Watu wawili watatu walisema amina. Wengine walikuwa wananitazama mimi.

Mama alianza kulia pale. Sijawahi kumwona analia, hata baba alipokufa. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mwanamke kijana, na machozi yalidondoka kwenye udongo wa kaburi yakafanya vishimo. Kibibi mmoja akamgusa bega: "Quitéria, mabawa yake, mwenzangu."

"Ana miaka sitini huyo," mama akasema katikati ya kwikwi. "Kashafika zamani. Niacheni."

Nilikuwa na brashi kwenye mfuko wa nyuma, na makopo mawili niliyoleta kugusia msalaba, la rangi ya bluu na la nyeupe. Nilipaka juu ya lile jina, nikangoja ikauke, nikaandika lingine. Safari hii herufi zilitoka vibaya. Laércio alikuwa amekwisha kwenda safu iliyofuata; nilisikia akikosea majina rahisi.

Nilimfikisha mama kwake, nikamlaza. Kisha nikatembea kwenda kwangu. Ni mitaa minne. Dirisha la kila nyumba lilikuwa na redio, na sebuleni watu walinyamaza nilipopita. Mmoja tu, fundi wa pikipiki, alinyanyua mkono, akafungua mdomo kuniamkia, akakwama, hakujua aite nini.

Kwenye lango langu nilisimama. Harufu ya maharage na giligilani ilitoka jikoni, na redio ya Neide ilikuwa ikisoma majina. Nikasikia anaizima. Nilishika komeo, likagonga chuma.

"Nani hapo?"

Miaka thelathini na mitano Neide hajawahi kuuliza hivyo. Ananijua kwa hatua, kwa goti la kushoto linaloburuta. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majina mawili ya kujibu.

Alitokea mlangoni, amejifunga taulo la jikoni kiunoni, kijiko cha mbao mkononi. Alinitazama kuanzia viatu, vyenye madoa meupe na ya bluu, mpaka kofia.

"Ingia, chakula kinapoa," akasema. "Halafu utaniambia nimeolewa na nani."

Akarudi ndani, akauacha mlango wazi.